Kupima paipu kabla ya plasta: maji ya tangi la juu yatosha?

MwanaMkomani: Assalaam aleikum wanajamvi. Twakarabati nyumba ya mama hapa Lamu, Mkomani. Paipu za PPR (za plastiki) zishapitishwa kutani, na fundi wa plasta ya chokaa aja Jumamosi. Fundi wa maji asema afungulie tangi la juu, tusipoona panapovuja tuzifunike kwa plasta. Msaidizi wake ataka aazime kompresa kwa mafundi wa boti, ajaze upepo. Baadaye tutafunga pampu ya baa 3 (baa ni kipimo cha presha). Nimfuate nani?

FundiPaipu: Wa aleikum salaam. Usimfuate hata mmoja. Kila mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1. Tangi likiwa mita 6 juu ya mfereji, wapata baa 0.6 tu. Kiungo kisichoshika vizuri kitanyamaza kwa maji ya tangi, kije kuvuja pampu ikiwashwa, plasta ishakauka. Pima kwa presha ya kazi mara moja na nusu, yaani baa 4.5, kwa pampu ya mkono ya kupimia. Ziba ncha zote kwa plagi, tenga hita na mipira ya vyoo, jaza maji kuanzia chini huku ncha ya juu kabisa iko wazi mpaka upepo wote utoke. Sindano ya geji, ile saa ya presha kwenye pampu, itashuka mwanzoni kwa kuwa PPR hutanuka. Pandisha tena, iache itulie, ndipo uanze kuhesabu. Ikikaa saa nzima, pitisha tishu kavu kila kiungo. Tishu huonyesha unyevu ambao jicho halioni.

BintiShela: Kompresa hapana, tafadhali! Maji hayabaniki ila kidogo mno, paipu ikipasuka presha yafa papo hapo. Upepo hufyatuka kama springi na vipande vya plastiki vyaruka. Na tangi la hiyo kompresa lilikaguliwa lini? Huota kutu kwa ndani, usikoona. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka matangi hayo yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

MzeeLangoni: Nyumba zetu zimesimama miaka yote bila vipimo hivyo.

FundiPaipu: Kweli mzee wangu, lakini hazikuwa na pampu. Na ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji kimya kimya. Pengine unyevu watokeza kwa jirani kwanza, maana kuta zimeshikana.

MwanaMkomani: Shukran. Plasta nimeisogeza hadi Jumatatu. Pampu niliyopata ina geji ya baa 60, yafaa?

FundiPaipu: Badilisha geji, weka ya baa 10. Kwenye ya 60, nusu baa ikipungua hutaiona sindano ikisogea.