Tupeane uzoefu: umeme wa betri ndani ya chemli, saa na pipa la maji

Wakuu, uzi huu ni wa wanaofunga taa na vihisio ndani ya vyombo vya nyumbani. Tuandike chanzo cha umeme, vipimo, na kinachoharibika. "Weka betri nzuri" haimsaidii mtu.

chemli_mpya
Tangi la chemli linalaza seli moja ya 18650 (betri ya lithiamu ya kuchaji, kubwa kidogo kuliko AA) bila shida. Lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, ndipo ukate kitako. Mvuke wa mafuta ya taa na cheche havipatani. LED (vitaa vidogo) tatu nyeupe, kila moja na rizista yake (kipunguza mkondo) ya om 56. Ukizipa zote rizista moja, LED inayowaka kwa volti ndogo itabeba mzigo wa wenzake na kuungua mapema. Seli ikijaa (volti 4.2) kila LED hula kama miliampea (mA) 20, ikishuka kwenye 3.7 mwanga unafifia. Hapo hakuna kilichoharibika.

Chaja ni bodi ya TP4056, lakini chukua ile yenye sehemu za kufungia zilizoandikwa OUT+ na OUT-. Isiyo nazo haina kinga, na seli itanyonywa mpaka ife. Taa zifungwe kwenye OUT, si kwenye B (B+ na B- ni za seli).

Tangi ni bati, kwa hiyo seli ikae kwenye kishikio cha plastiki. Mwili mzima wa 18650 ni hasi. Ganda likichubuka karibu na kichwa cha chanya, shoti hiyo. Na usichomelee waya moja kwa moja kwenye seli, joto linaiumiza ndani.

risasi_na_waya
Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Bodi hiyo hutoka kiwandani ikichaji kwa ampea 1. Kwa seli iliyotolewa kwenye betri ya laptop ni nyingi. Badilisha rizista ya kilo-om 1.2 uweke ya 2, utapata kama mA 580. Ila sasa chaji inakatika mkondo ukishuka chini ya mA 58 hivi, na LED tatu peke yake zinakula 60. Ukichaji taa ikiwaka, haitakatika. Zima kwanza.

Seli ya laptop iliyokutwa chini ya volti 2, achana nayo.

pipa_limejaa
Kwa kihisio cha maji chenye ESP8266 (chipu ya Wi-Fi), adui ni bodi yenyewe. Chipu ikilala hula mikroampea 20 hivi, lakini bodi ya NodeMCU inayoibeba ina AMS1117 (regyuleta, yaani kishusha volti) na chipu ya USB zinazokula miliampea kadhaa usiku kucha. Tumia chipu tupu na regyuleta ya HT7333. Hiyo hutoa mA 250 tu, na Wi-Fi ikiamka huvuta zaidi ya 300 kwa kitambo kidogo, ndiyo maana inajizima na kuwaka upya. Kapasita (hifadhi ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 470 au zaidi, karibu kabisa na miguu ya chipu, inamaliza tatizo.

mgeni_wa_uzi
Pawabenki je? Si rahisi zaidi?

pipa_limejaa
Nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo, chini ya mA 50 hadi 100. Kuna watu hufunga rizista ya kuidanganya isilale; huko ni kuchoma chaji bure.

risasi_na_waya
Saa ya ukutani: usiibie LED umeme kwenye AA ya saa. Nyeupe inahitaji karibu volti 3, AA ina 1.5. Ipe betri yake.