Mvungu chini ya ukingo: wewe uliuonaje? Tupeane uzoefu

Wadau, niko Kangemi, Nairobi, upande wa kushuka mtoni. Nyuma ya choo chetu kuna ukuta wa udongo mwekundu, urefu wa kama watu wawili, uliochongwa zamani kupata kiwanja. Mwaka jana chini yake palikuwa na kishimo cha kuku kulalia. Baada ya masika, mbuzi anaingia mzima. Juu nyasi ni zile zile, ndiyo maana hatukushtuka. Wenye makorongo, yenu yalianzaje?

Wa Dagoretti: Mimi nilisimama na mwavuli nikatazama. Maji ya gata, ule mfereji wa paa, yakifika ukingoni, mengine yanaruka, yanachimba kidimbwi chini, na marusho yake yanapiga mguu wa ukuta. Mengine hayaruki. Yananatia udongo, yanapinda chini ya mdomo wa ukingo na kutambaa hadi ndani, yakitoka na chembe za udongo. Mizizi ya nyasi inashikilia juu kama dari, huku chini kunaliwa.

Wa Mathare: Kwetu hata mvua ikishakatika siku mbili, ukuta bado unatoka jasho. Udongo wa juu unapitisha maji, wa chini ni mgumu. Yakifika hapo yanatokea ubavuni. Ukitazama, mashimo yamejipanga kwenye mstari mmoja.

Wa Kangemi: Kumbe! Basi shimo langu ni la maji ya gata.

Wa Kibra: Msidanganywe na shimo, tazameni nyuma ya ukingo. Mvua za Aprili 2024 niliona ufa wa upana wa kidole, nikaufukia kwa jembe nikaona nimemaliza kazi. Usiku bonge zima lilishuka na banda la kuku. Ule udongo ungebaki pale chini ungeegemeza ukuta, lakini mto ulizoa wote, tukabaki na ukuta mpya uliosimama wima. Sasa nao una mvungu.

Wa Dagoretti: Na msijaze takataka. Nilijaza magunia mawili, maji yakapita nyuma yake, yakachimba zaidi. Kilichosaidia ni paipu kutoka kwenye gata hadi chini kabisa, inamwaga juu ya mawe. Nyasi za nepia nimepanda nyuma ya ukingo. Mkaratusi niliukata, ulikuwa mzigo tu pale mdomoni.

Wa Kangemi: Nimetoka huko sasa hivi na kijiti. Ufa upo, hatua mbili kutoka mlango wa choo, na kijiti kimezama hadi vidoleni. Leo usiku tunaomba choo kwa jirani.