Tupeane uzoefu: taa ya cheki injini Mtwara na Lindi, chanzo kilikuwa nini hasa?

Fundi Umeme, Mikindani
Wakuu wa kusini, salaam. Huu uzi ni wa mafundi na wenye magari. Kama gari iliwasha taa ya cheki injini, weka kodi (namba ya kosa) iliyosomeka, aina ya injini, ulichopima na kilichoitibu. Vipimo ni muhimu, maana "nilibadili sensa ikapona" haimsaidii mwenzako.

Naanza na P0118 kwenye injini ya 1NZ (IST, Probox, Vitz), njia ya sensa ya joto la maji. Watu wanaagiza sensa Dar, inafungwa, taa inarudi. Jamani, kodi haisemi sensa imekufa. Inasema kontroo boksi (kompyuta ya injini) imepata volti iliyozidi kipimo kwenye njia ile, na njia hiyo ina sensa, soketi na nyaya mbili. Mashine ya kusomea kodi ikionyesha nyuzi hasi 40 huku injini ina moto, mahali fulani njia imekatika.

Chomoa soketi, pima sensa yenyewe: kwenye nyuzi 20 iwe kama omu 2,000 hadi 3,000, ikifika nyuzi 80 iwe 200 hadi 400. Halafu washa swichi bila kupiga stata, pima upande wa nyaya. Unatakiwa kuona karibu volti 5. Ukiziona, unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya huku mashine inasoma. Joto likiruka kutoka hasi 40 hadi zaidi ya 100, nyaya na kontroo boksi ni nzima. Imebaki sensa au mguso wa pini.

Na huku pwani mguso ndio wa kutazamwa kwanza. Mulika tochi ndani ya soketi: ukiona unga wa kijani kwenye shaba, hiyo ni chumvi ya bahari. Safisha kwa dawa ya kupulizia ya mguso wa umeme, bana pini kidogo ishike, na uangalie kile kiraba cha kuzuia maji kama bado kipo. Kikikosekana, unga unarudi.

Mdau wa Mtanda, Lindi
Ahsante mkuu. Naongeza ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Zikija kodi tatu nne za sensa zisizohusiana kwa mara moja, usinunue sensa hata moja. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Kwenye gari iliyoshushwa injini au giaboksi, kagua kama ule waya wa ethi wa injini na bodi ulirudishwa. Mara nyingi unaachwa unaning'inia, au unafungwa juu ya rangi.

Ethi ikiwa nzima, pima ile volti 5 inayogawiwa sensa kadhaa kwa pamoja. Sensa moja ikipiga shoti inazivuta zote chini. Chomoa moja moja huku unatazama mita. Ukichomoa ambayo volti 5 inarudi, umempata mchawi.

Mwenye Noah, Masasi
Wakuu, naomba kuuliza. Ile mashine ndogo ya bluetooth haisomi kabisa kwenye gari ya zamani kidogo ya Japani. Ni kontroo boksi?

Fundi Umeme, Mikindani
Hapana kaka, usiilaumu kontroo boksi bado. Anza na fyuzi ya soketi ya kusomea: pini 16 lazima iwe na moto wa betri, pini 4 na 5 ni ethi. Kama moto upo, yawezekana gari haiongei lugha ya mashine hiyo. Kwenye Toyota nyingi za namna hiyo unaunganisha pini 4 na 13 kwa waya, unawasha swichi, unahesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili ni 22, joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Waya usiguse pini 16 hata kwa bahati mbaya.

Fundi wa Newala
Huku juu adui ni vumbi. P0171, mchanganyiko una mafuta kidogo. Soma masahihisho ya mafuta (asilimia ambayo kontroo boksi inaongeza au kupunguza mafuta) kwenye mashine, kwa kawaida hayapiti asilimia 10 juu au chini. Yakiwa +20 kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na yakashuka ukikanyaga hadi 2,500, kuna hewa inavuja: mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa, au gasketi ya manifodi. Yakiwa mazuri kwenye sailensa na kupanda gari ikibeba mzigo, sensa ya hewa ni chafu au mafuta hayafiki vizuri. Presha ya mafuta kwenye 1NZ ni psi 44 hadi 50. Kama ni sensa, pulizia dawa yake tu, acha ikauke. Kitambaa au kidole kinakata ule waya mwembamba. Na kupiga ea klina kwa upepo wa kompresa kila wiki kunatoboa karatasi, vumbi linapita.

Kwa P0301 hadi P0304 (silinda ya 1 hadi ya 4 inamisi, yaani haichomi mafuta vizuri), hamisha koili ya silinda inayomisi uifunge silinda nyingine. Kodi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, rudi kwenye plagi, nozeli na nyaya zilizotafunwa na panya. Ukitoa koili ukakuta oili kwenye shimo la plagi, gasketi za kava la juu nazo zibadilishwe.

Mdau wa Nachingwea
Hilux za dizeli za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote): mwaga maji chini ya filta kabla ya yote, hasa kama mafuta ni ya madumu. Injekta mpya ina msimbo uliochapwa kichwani. Kwenye injini zinazoutaka, usipoingizwa kwa mashine gari itagonga na kutoa moshi hata kama injekta ni halisi.

Na wanaochomelea bodi za magari ya korosho: chomoa betri pande zote, chomoa na soketi za kontroo boksi, kisha bana ethi ya mashine ya kuchomelea karibu kabisa na unapochomelea, isiwe kwenye injini.