Mrejesho: Stata ya volti 6 kwenye betri ya volti 12

Ndugu zangu, niliuliza kama stata asilia (mota ya kuwashia injini) ya Volkswagen Beetle yangu ya 1962, ambayo ni ya volti 6, ingestahimili betri ya volti 12. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Tumeiacha stata ileile. Fundi wangu wa umeme hapa Nakuru aliifungua kwanza, akabadilisha brashi zilizokwisha (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme) na kusugua komyuteta (sehemu ya shaba inayozunguka ikigusana na brashi) kwa msasa laini hadi shaba ikang'aa, kwa kuwa volti zikiongezeka maradufu stata huzunguka kwa kasi zaidi na pinioni (gia yake ndogo) hugonga meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa nguvu. Hata hivyo, kuleta stata ya volti 12 kungekuwa kazi kubwa zaidi: flaiwili ya zamani ina meno 109 na ile inayoendana na stata ya volti 12 ina 130, hivyo tungelazimika kushusha injini, kubadilisha flaiwili na hata kuchonga ganda la giaboksi kwa ndani ili flaiwili hiyo kubwa izunguke bila kukwaruza. Kwa gari ambalo halitembei kila siku, sikuona haja ya gharama hiyo.

Dainamo, kidhibiti chake, koili ya cheche na balbu zote sasa ni za volti 12. Nyaya nene za stata zimebaki zilezile.

Injini inawaka upesi hata alfajiri za baridi, nami huachia ufunguo papo hapo, kwani stata hii ikishikiliwa kwa muda mrefu itaungua.