Git Flow au tawi moja kuu? Timu inahama kutoka SVN

Msonge: Wakuu, timu inahama kutoka SVN kwenda Git (zote ni programu za kutunza historia ya msimbo) na Ijumaa lazima mtindo wa matawi (njia za kazi zinazotengwa kando ya msimbo mkuu) uwe umeamuliwa. Kuna wanaotaka Git Flow (`main`, `develop`, matawi ya kazi, ya toleo na ya dharura), kuna wanaotaka `main` tu na matawi mafupi. Upi bora?

Kanga_Mweusi: Mkuu, ni programu ya wavuti au ya kusakinishwa kwa mteja? Mnahudumia matoleo mangapi kwa pamoja? Majaribio huchukua dakika ngapi? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda.

Nahodha_K: Vincent Driessen aliyeeleza Git Flow mwaka 2010 aliongeza dokezo mwenyewe mwaka 2020: timu inayotoa programu ya wavuti mfululizo itumie mtindo mwepesi zaidi. Mimi ni `main` tu. Tawi lisizidi siku mbili, kazi isiyokamilika ifichwe nyuma ya swichi (mpangilio wa kuiwasha au kuizima ndani ya programu).

Mzee_wa_Terminali: Swichi nazo ni hatari. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, Agosti 2012: swichi ya zamani ilipewa kazi mpya, seva moja kati ya nane ikabaki na msimbo wa zamani, ukaamka. Zilipotea takriban dola milioni 440 ndani ya dakika 45 hivi. Kila swichi iwe na jina jipya, mtu wa kuisimamia na tarehe ya kufutwa.

Nahodha_K: Hapo palikosewa kwenye kupeleka msimbo kwenye seva, na msimbo mfu haukuwa umefutwa. Git Flow isingewaokoa.

Msonge: Ni programu ya Android na seva yake, watu sita. Wateja wawili wamebaki toleo 3.2, wengine wako 4.0. Majaribio dakika 25.

Kanga_Mweusi: Ungeanza na hayo. Tunzeni `release/3.2` kwa ajili ya hao wawili. Rekebisho lianzie `main`, kisha linakiliwe kwenye 3.2 kwa `git cherry-pick -x`. Hiyo `-x` huandika namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya asili kwenye ujumbe wake. Likianzia 3.2, siku mtu akisahau kulipandisha, kosa lilelile litatokea tena 4.1. `develop` hamuihitaji.

tumbatu: Mtindo wowote mtakaochagua, jihadharini na kutengua muunganisho. Tawi la malipo linaingia `main`, seva inaanguka, mtu anatengua kwa `git revert -m 1`. Sawa. Kisha kosa linarekebishwa kwenye tawi lilelile, linaunganishwa tena. Kama rekebisho halikugusa mistari iliyotenguliwa, hakuna mgongano wowote, ila sehemu kubwa ya malipo haimo. Majaribio yake nayo yalitenguliwa, kwa hiyo hakuna kinacholalamika. Git inasoma historia: komiti za zamani inaziona tayari zimo ndani ya `main`, inaleta mpya tu. Kwanza tengua ile komiti ya utenguzi, ndipo uunganishe tawi.

Mzee_wa_Terminali: Ndiyo maana natetea `git merge --squash`. Kazi nzima inakuwa komiti moja, kuitengua ni rahisi.

tumbatu: Kwa sharti tawi lifutwe papo hapo. Ukiendelea nalo, `git merge-base` (komiti ya pamoja ambapo matawi yaliachana) inabaki palepale pa zamani na utagongana na kazi yako mwenyewe. Tawi lililochipuka juu yake lihamishwe kwa `git rebase --onto main tawi-la-kwanza tawi-la-pili`.

pwani_hg: Mercurial, programu nyingine ya aina ya Git, huandika jina la tawi ndani ya komiti yenyewe. Kwenye Git tawi ni faili la baiti 41 tu lenye namba ya komiti. Likifutwa, hujui tena komiti ilitoka tawi gani.

Nahodha_K: Na majina hayo ya Mercurial hayafutiki, unayafunga tu kwa `--close-branch`. Kwenye Git unganisha kwa `--no-ff`, ambayo daima huacha komiti ya muunganisho, jina linabaki kwenye ujumbe wake.

Msonge: Matawi ya zamani ya SVN je, yahamishwe yote?

Kanga_Mweusi: Yanayofanyiwa kazi tu, na 3.2. Lebo za SVN (majina ya kutambulisha matoleo) `git svn` huzileta kama matawi ya mbali. Zigeuzeni kuwa lebo halisi kabla ya kusukuma kazi kwenye hazina ya pamoja. Folda zenu zimepangwa `trunk`, `branches`, `tags`, au kila mradi una mpangilio wake?