Naomba ushauri: mfamasia anataka cheti tu kitundikwe dukani

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina duka la dawa muhimu kijijini, wilaya ya Namtumbo, na nataka kulipandisha liwe famasi ya rejareja. Inaniuma kumrudisha mzee aliyekuja na karatasi ya daktari kwa sababu dawa aliyoandikiwa siruhusiwi kuiuza.

Mfamasia niliyempata wa kuisimamia famasi hiyo anaishi Songea. Anataka alipwe kila mwezi, cheti kikae ukutani, yeye asionekane. Nimekataa, dozi ikikosewa anaumia mgonjwa. Nimetafuta mwingine kupitia wenzangu, bado.

Je, Baraza la Famasi, wasimamizi wa taaluma na maduka ya dawa, linaruhusu fundi dawa sanifu (mtaalamu wa dawa wa ngazi ya chini ya mfamasia) awepo kila siku, mfamasia aje kwa ratiba? Na mkataba wa usimamizi uandikweje ili saa zake zimbane?