Zuma aliachiwa 2006, je maneno yaishie hapo?

Mlezi77:
Wadau tujadili hili bila matusi. Jacob Zuma, mwanasiasa wa Afrika Kusini, alishtakiwa kumbaka binti wa miaka 31 aliyelala kwake Johannesburg Novemba 2005. Zuma akasema waliridhiana, na tarehe 8 Mei 2006 Jaji Van der Merwe akamwachia huru. Mwaka uliofuata kwenye mkutano mkuu kule Polokwane akachukua ukuu wa chama chake cha ANC, 2009 huyo ikulu. Swali langu, mkubwa akishaachiwa na mahakama, mwananchi bado ana haki ya kumnyima kura kwa jambo lilelile? Mi nasema anayo. Jaji anaangalia kama kosa limethibitishwa, mpiga kura anaangalia huyu ni mtu wa namna gani.

Kifaru wa Milimani:
Mkuu kuachiwa ni kuachiwa. Kama kila aliyeshinda kesi ataendelea kuhukumiwa vijiweni basi mahakama tuzifunge. Alafu tusijifanye hatujui, yule binti alilala nyumba ya mwanaume kavaa kanga tupu hana kitu ndani, mlitegemea nini?

BintiUnguja:
Hapo kwenye kanga umenigusa pabaya. Kwani we umelelewa wapi ndugu yangu? Kwetu bibi, mama, mashangazi wote wakitoka kuoga ni kanga, kulala kanga, mtoto anabebwa kwa kanga, na mwanamke akifa anasitiriwa kwa kanga wakati wa kuoshwa. Wajomba walikuja wakalala wakaondoka na hakuna hata mmoja aliyesema ameitwa na kanga. Kanga ikiwa na neno imeandikwa pale chini kwa herufi kubwa, we umesoma wapi karibu?

Kifaru wa Milimani:
Dada usinipakazie, nimesema mazingira. Kanga ya kwenu sio ya ugenini. Hata mke wangu akienda ukweni anavaa gauni ndani, kanga juu.

Mzee wa Kahawa:
Ugenini gani kijana? Baba yake binti alifungwa Robben Island na huyo Zuma, wakawa wote uhamishoni, binti anamjua toka mdogo na alikuwa anamwita malume, yaani mjomba. Kwa mjomba unaenda na gauni la ukweni? Mi nina miaka 61, mabinti wa marehemu rafiki zangu wanakuja kulala kwangu, na ninachojua ni kwamba wanakuja kwa sababu baba yao hayupo.

Ngosha:
Ila si alifungwa huyu mzee? Ile watu wakachoma maduka mpaka jeshi likaingia.

Mlezi77:
Unachanganya mkuu. Ile ni 2021, miezi 15 kwa kudharau mahakama, aligoma kwenda kwenye tume ya uchunguzi wa rushwa. Kwa hii ya 2006 hakufungwa. Jamani turudi kwenye swali.

BintiUnguja:
Sirudi bado. Nje ya mahakama watu walichoma picha ya yule dada, ndani akachimbwa historia yake ya mapenzi mpaka ya utotoni. Kaachiwa Zuma, aliyekimbia nchi ni yeye, akaenda Uholanzi, baadae akaja kuishi Tanzania. Huku kwenye kanga.

Kifaru wa Milimani:
Nyie mnaona upande mmoja tu. Mdogo wangu wa damu alisingiziwa jambo kama hili, akashinda kesi, na mpaka leo pale mtaani wanawake wanahamisha watoto akipita. Kazi hana, mchumba kaondoka. Kwa hiyo mtu akiniambia mahakama haitoshi nasikia moto kifuani, msinione mkali.

Mzee wa Kahawa:
Pole sana mwanangu, hilo ni zito. Lakini mdogo wako hakuwa na umati wa kuimba nje ya mahakama wala chama cha kumbeba.

BintiUnguja:
Pole kaka, kwa dhati. Ila sikiliza na hili. Agosti 2016 Zuma akiwa rais anahutubia kule Pretoria matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa, mabinti wanne wakasimama kimya mbele yake na mabango, moja linasema mkumbukeni Khwezi, jina alilofichwa nalo yule dada, lingine neno moja tu, Khanga. Mlinzi akaja kuwaondoa kwa nguvu. Miezi miwili baadae Khwezi akafariki.

Kifaru wa Milimani:
Neno la kanga nalirudisha dada. La mahakama silirudishi.